Taa ya Kijani Kando ya Jina la Amisi

Siku tulipomzika mama, jirani mmoja alileta grupu lake, yaani jenereta, ili kwaya ipate kutumia kipaza sauti. Alivuta kamba mara tatu, likawaka, na moshi wa petroli ukanifuata hadi kwenye mkeka nilipoketi na karatasi mapajani. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika maisha ya marehemu, ile karatasi ambayo mchungaji husoma kabla jeneza halijatoka uani. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akifiwa hapewi hata nafasi ya kulia vizuri, anapewa kalamu. Niliandika alikozaliwa, nikaandika ndoa yake, nikaandika mashamba yake ya mpunga. Nikafika mahali pa kusema ameacha watoto wangapi, mkono ukagoma.

Ulikuwa moshi ule. Petroli ikichanganyika na plastiki iliyopata moto, kwangu hiyo ni harufu ya nyumba ya Ramazani ya kuchajia simu, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Wenzangu wa rika langu mliokulia Kasongo mnaikumbuka nyumba hiyo, hata kama ya mtaani kwenu ilikuwa ya mtu mwingine. Chumba cha udongo, pano za kunasa umeme wa jua juu ya mabati, ndani meza ndefu na simu za watu zimelazwa juu yake kama samaki sokoni, kila moja na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Siku za mawingu Ramazani aliwasha grupu, na sisi watoto tulipita pale makusudi, kwa sababu harufu ile tuliiona ni harufu ya mji mkubwa.

Ramazani alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mrefu, mpole, kanzu yake nyeupe aliivaa Ijumaa tu. Ndiye aliyeleta mchezo. Jina lake halisi halina kazi tena, nitauita mchezo wa ngome. Kila mchezaji alikuwa na kijiji chake ndani ya simu, na kuta zake, ghala lake, askari wake. Wachezaji wa mbali waliungana kwa rezo, yaani mtandao, wakawa ukoo mmoja, na ukoo ulikwenda vitani na koo nyingine za nchi ambazo hata maandishi yao hatukuweza kuyasoma. Ukoo wetu uliitwa Nyangwe, kwa sababu bibi yake Ramazani alitoka huko mtoni. Walikuwa watu ishirini na watatu. Nusu yao walikuwa vijana wa Kasongo, wengine walisoma Kindu, wawili walikuwa Bukavu, mmoja Kalemie, na dereva mmoja wa Uvira ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso.

Nasema walikuwa, si tulikuwa. Mimi sikuwa na kijiji. Aliyekuwa nacho ni kaka yangu Amisi, mtoto wa kwanza wa mama, niliyemwita yaya, yaani mkubwa wangu. Kwa jina lake watu wote walimwita mama yetu Mama Amisi, mpaka siku ile ya jeneza.

Ramazani alikuwa na sheria moja, naye aliirudia kwa kila mgeni: "Hapa si porini. Mutu akiingia, anasalimia wote. Kisha ndio vita." Na kweli ndivyo walivyofanya. Mtu alipofungua mchezo, kabla ya kugusa askari hata mmoja, aliandika jambo kwa wote, wakamjibu, wakaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mitihani. Mgeni aliyeingia aliulizwa ni mtoto wa nani na ametokea wapi, halafu alipewa askari wa kuanzia, maana mgeni haachwi akae na njaa. Mmoja wao akifiwa, ukoo wote haukupigana siku tatu. Jirani zao wa koo nyingine walidhani wamelala, wakawavamia, na Nyangwe walikubali kuvamiwa kwa sababu ya kilio cha mtu ambaye wengi wao hawakumjua. Nimeishi katika mitaa yenye watu wa damu na nyama, na sijaona tena heshima ya namna hiyo.

Bingwa wa salamu alikuwa yaya Amisi. Vita hakuviweza, kuta zake zilivunjwa kila wiki. Lakini yeye alimsalimia kila mtu kwa jina, mmoja mmoja. Mguu wa mama yako umepona? Yule mtoto wenu ameota meno? Wenzake walimcheka, wakamwita Muzee wa Salamu, na siku asipoingia waliulizana yuko wapi. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, nikisoma juu ya bega lake, na nilichokitazama zaidi ni taa. Kando ya kila jina palikuwa na taa ndogo. Mtu akiwa ndani ya mchezo, taa yake ilikuwa ya kijani. Akitoka, inakuwa ya kijivu.

Nilikuwa na akili za kitoto, sikatai. Niliamini kwamba simu inamwona mtu huko aliko. Niliamini kwamba taa ya kijani ni kama jicho, kwamba ikiwa ya kijani huko Uvira dereva yule yu mzima, anapumua, na ikiwa ya kijivu amelala au ameugua. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijitungia mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyenisahihisha, ikawa dini yangu.

Halafu yaya Amisi akaenda Lusangi kuchimba dhahabu. Vijana wengi walikwenda, si jambo la ajabu. Alikuwa amemaliza masomo, hakuna kazi, nyumba ya mama ilivuja. Alijipatia simu nyingine iliyokwisha kutumiwa na mtu, na ile ya zamani, yenye kioo kilichopasuka kona moja, aliniachia mimi. Asubuhi ya kuondoka alinivuta pembeni, akaniandikia kwenye daftari neno la siri la kufungulia kijiji chake. Alinieleza kwamba huko mashimoni hakuna rezo, mpaka upande kilima, na yeye atapanda Jumapili tu. Na mtu akipitisha wiki mbili bila kuonekana, mchezo ulimwandika kwa rangi nyekundu, na kiongozi alimtoa katika ukoo.

"Nikikawia, ingia wewe," akaniambia. "Gusa tu, wasinifukuze. Lakini usiandike kitu. Wewe uko mutoto, utaniaibisha."

Nikaapa. Nilijiona mkubwa siku hiyo, nilitembea shuleni na simu mfukoni mithili ya mtu aliyekabidhiwa funguo za kanisa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumapili baada ya ibada niliketi kwenye kizingiti cha Ramazani, aliyetugawia rezo yake sisi tuliochaji kwake, nikaona kwenye simu ya Ramazani salamu za yaya zinateremka: jambo Ramazani, jambo dereva, mguu wa mama yako? Nilimsomea mama, naye alicheka, akasema huyu mtoto atamaliza hewa yake yote kwa salamu. Mama hakujua kusoma. Lakini kijani alikijua. Alipotoka sokoni na sinia lake la mchele kichwani alisimama mlangoni pa Ramazani na kuuliza, "Mutoto wangu munamuona?" Ramazani alimgeuzia kioo, mama akaweka kidole juu ya ile taa, kidogo tu, kama anavyogusa mtu paji la uso wa mgonjwa, kisha akaenda zake.

Tulipokuwa tukipanda mpunga, Jumapili moja yaya hakuingia. Ya pili pia. Nikakumbuka kiapo changu. Nikafungua daftari, nikaandika neno la siri, jina la Amisi likawaka kijani. Moyo wangu ulitulia kabisa. Sikufikiri kwamba ni mimi niliyeiwasha. Au nilifikiri, lakini nilifikiri pia kwamba simu imemwona, maana isingekubali kuwaka kama hayuko. Mtoto anaweza kubeba mawazo mawili yanayopigana na asione shida yoyote.

Aliniambia niguse tu. Mimi nilianza kuingia kila siku. Nilitoka shule, nikaketi kizingitini, simu nimeificha ndani ya daftari, nikawasha jina la kaka yangu na kuliacha liwake hadi mama apite na sinia lake. Ramazani alikuwa ndani, hatua tatu kutoka mgongoni kwangu, akiangalia kwenye simu yake kwamba Amisi yuko. "Tunamuona, mama," alimwambia. "Leo tena iko." Mama aligusa taa, akaenda. Mjomba wetu Saidi, mdogo wake mama, alitaka kupanda baiskeli aende Lusangi kumwangalia, kwa sababu barua haikuja wala mtu. Alikuwa amekwisha kufunga chakula cha njia. Mama alimkataza. Njia ya Kabambare ilikuwa mbaya mvua zile, na ya nini kujiua kwa ajili ya mtu anayeonekana kila siku? Mjomba akafungua mzigo wake, wakala kile chakula pamoja. Nilikula na mimi. Nakumbuka kilikuwa sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu, na nilikula nikashiba.

Ukoo wa Nyangwe, wakati huo, ulianza kuoza. Niliuona ukioza kwa macho yangu, na sikuelewa kwamba ninakaa juu ya kidonda chenyewe.

Ilianza kwa utani. Taa ya Amisi iliwaka, wenzake wakamsalimia, naye kimya. Wakaandika kwamba dhahabu imemziba kinywa. Wakaandika kwamba siku hizi Muzee wa Salamu anasalimia mawe tu. Mimi nilisoma, vidole vikiniwasha, na sikujibu, maana niliapa. Siku ya tatu, ya kumi, wiki ya tatu. Yule wa Kalemie akaandika kwamba kama Amisi anaingia na kutoka bila kusema neno, yeye kwa nini ajisumbue? Akaacha kusalimia. Mwingine akaacha. Ramazani aliwakumbusha sheria, wakamjibu kwamba rafiki yako mbona humwambii? Naye akaliacha lipite, kwa sababu alimpenda Amisi, hakutaka kumwaibisha mbele ya wote. Hapo ndipo walipoanza kumwona Ramazani kama mtu wa upendeleo.

Salamu zikiisha, mambo mengine hayakawii. Mgeni aliingia, hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani, akachukua askari wa watu na kutoka siku hiyo hiyo. Mtu mmoja wa Bukavu alifiwa na baba, wenzake wakaenda vitani siku ile ile ya mazishi, akawaandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mwingine akamtukania mama yake, na yeye yuko kwenye kilio! Ramazani akamfukuza aliyetukana bila kumuuliza mtu, wanne wakaondoka pamoja naye. Kutoka ishirini na watatu wakawa kumi na wanane, wakawa kumi na wawili. Niliwahesabu kila siku, na hofu yangu ilikuwa ya ajabu: niliona kwamba wakipungua watu, yanapungua macho yanayomwona yaya. Wakiisha wote, nani atamwona?

Kwa hiyo nikavunja kiapo. Ilikuwa Ijumaa, mpunga tumekwisha kuvuna, wamebaki tisa tu, na wawili kati yao walikuwa wakitukanana. Niliandika kwa jina la Amisi, polepole, nikikagua kila herufi: jambo wote.

Nikakitazama kioo. Halafu nikasikia kiti cha Ramazani kinasogea nyuma yangu, na maneno yake yakaja kwenye kioo changu. Aliandika kwamba leo umetukumbuka, ndugu yangu. Kwamba hapa tumechoka kwa ajili yako. Na chini yake: mama yako anakuuliza kila siku, uko muzima?

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimejisamehe mambo mengi kwa sababu ya umri ule, hili sijaweza. Ningeweza kuzima simu. Ningeweza kugeuka tu, hatua tatu, na kusema ni mimi. Niliandika: niko muzima.

Ramazani alitoka mbio. Aliniruka pale kizingitini, kanzu ameishika mkononi, akakimbia hadi sokoni kumwambia Mama Amisi kwamba mtoto wake ameandika, ameandika kwa mkono wake, yu mzima. Mama aliacha mchele wake chini. Wanawake wa mchele walimpigia vigelegele. Jioni alichinja kuku, akamwita mjomba Saidi, akamwita Ramazani, na mimi nilipewa firigisi kwa kuwa ndimi niliyetunza simu. Hata wale tisa walisalimiana siku hiyo. Mama alikuwa mzuri sana. Sikuwahi kumwona mzuri namna hiyo tena.

Wiki mbili baadaye alikuja mtu kutoka Lusangi na begi. Alikaa kwenye kigoda uani kwetu, akakataa maji, tukajua. Alieleza kwamba shimo liliporomoka mvua za kwanza, wakati watu wanapanda mpunga. Waliwatoa wanne, wakawazika huko huko kwa sababu miili haikuweza kungoja. Walituma habari kwa mtu aliyekuwa anapita Kabambare, huyo mtu hakufika, au alifika na akasahau. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza amepata nafasi ya kuja. Akafungua begi: shati, viatu vya mpira, Agano Jipya dogo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamsubiri amalize, akakunja lile shati vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba, ulishaona mufu anaandika jambo?"

Yule mtu hakuelewa. Mama akamwambia kwamba mtoto wake ameandika Ijumaa iliyopita ile nyingine, Ramazani ni shahidi, soko zima ni shahidi. Watu wanne walifunikwa na udongo, sawa, Mungu awapokee. Amisi si mmoja wao. Shati linaweza kuibwa. Ramazani aliitwa, akaja, akasema kwa uaminifu wake wote alichokiona. Yule mtu wa Lusangi alitutazama mmoja mmoja, akaanza yeye mwenyewe kusitasita, akasema labda walimchanganya na mwingine, uso ulikuwa umeumia. Namna hiyo kilio cha kaka yangu kikafutwa. Hakuna aliyemlilia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko na simu mfukoni, na nilijua.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Sikuogopa fimbo, mama hakuwa mtu wa fimbo. Niliona kwamba pale uani yaya Amisi alikuwa bado yu hai, wote walikubali hivyo, na mtu pekee anayeweza kumuua ni mimi, kwa maneno mawili, ni mimi. Nikasema nitasema kesho. Kesho mama alinipa pesa ya kununulia mega, yaani kifurushi cha rezo, akaniambia niingie nimtafute. Nikaingia, nikawasha taa, akaigusa. Ningesemaje?

Mjomba Saidi alikwenda, hatimaye, kiangazi. Alionyeshwa mahali penye makaburi manne, hakuna jina. Alirudi amekonda, akasema yeye anaamini kwamba Amisi yumo. Mama akaendelea kupepeta mchele wake. Na ile mega ilipokwisha na taa ikawa ya kijivu siku nyingi, mama hakusema amekufa. Alisema amenisahau. Alisema amepata mwanamke huko, amepata mali, hataki tena kunusa moshi wa jiko langu. Ungeweza kuzoea mama anayelia. Yeye hakulia, alikasirika, na aliikalia ile hasira miaka yote iliyobaki. Akisikia kijana wa mtu amerudi kutoka machimboni aliingia ndani na kufunga mlango.

Ukoo ulikufa mwaka ule ule. Waliobaki walitoka mmoja mmoja, bila kuaga, na mwishoni Ramazani naye alitoka, akafunga nyumba ya kuchaji. Nilifungua mchezo siku moja ya likizo na kukuta maandishi ya mchezo wenyewe, kwamba kiongozi ameondoka, na uongozi umepewa aliyebaki. Kiongozi wa Nyangwe: Amisi. Watu: mmoja. Taa yake ilikuwa inawaka kijani, kwa sababu simu nilikuwa nayo mkononi mimi. Baadaye betri ilivimba, simu ikafa, nikaizika nyuma ya choo, na nililia pale kwa mara ya kwanza. Mama alidhani nalilia simu.

Sasa rudini nami siku ya mazishi yake, kwenye mkeka. Wanaume walikuwa wameketi karibu na grupu, na kama ilivyo kwenye kilio, mazungumzo yaligeuka geuka mpaka yakafika kwenye mchezo wa ngome. Vichwa vya watu wazima, vingine na mvi, wanabishana Nyangwe ilikufa kwa nini! Mmoja aliyesoma Kindu zamani zile alisema ni mega, mchezo ulikuwa mzito mno, simu zetu hazikuweza. Mwingine alisema ni wale wenye baba tajiri walionunua panga za moto, maskini wakachoka kupigwa. Ramazani, ambaye siku hizi anabeba watu kwa pikipiki kati ya Kasongo na Nyangwe, alitikisa kichwa.

"Ni salamu," akasema. "Amisi alianza kuingia bila kusalimia. Wengine wakafuata. Musitafute kitu kingine."

Halafu akaniona ninamtazama, akaona aibu, akasogea na kukaa kando yangu. Aliniambia nisikasirike, kwamba kaka yangu alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja, ndiyo maana mpaka leo inamuuma. Kwamba angekuwa hajui kusalimia tangu mwanzo, asingemlaumu. Na leo, hata leo ya mama yake, hakuja. Nikasema sikasiriki. Hatua tatu zile zilikuwa zimekwisha, bega lake lilikuwa linagusa langu, na sikusema.

Dada yangu Mwavita, anayeishi Kindu, ambaye siku zote alimwamini yule mtu wa Lusangi, aliinama akaona mahali kalamu iliposimama. Alisema taratibu kwamba niandike wawili, tumalize. Wawili ndiyo ilikuwa kweli. Lakini mchungaji angesoma wawili, na watu wangeuliza, na Ramazani alikuwa ameketi pale pale. Na nilikumbuka mama, siku tatu kabla hajakata roho, hasira yote imemtoka, amebaki mifupa na macho. Alinishika mkono.

"Amisi akirudia, musimugombeze," akasema. "Mumupe kula kwanza."

Nikasema ndiyo, mama.

Basi nikaandika. Mchungaji alisimama kando ya jeneza, grupu likazimwa ili asikike, akasoma karatasi yangu yote kwa sauti yake nzito, mpaka akafika mwisho: ameacha watoto watatu, Amisi, Mwavita na Zawadi, ambaye ni mimi. Alipotaja jina la kwanza, watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kuangalia njia, kwamba labda ndiye huyo anakuja. Ramazani aligeuka. Mjomba Saidi aligeuka. Na mimi niligeuka pia.